Mkaguzi wa Biskuti Anatafuta Yaya

Kazi yangu ni kukagua. Miaka tisa
nimesimama kando ya mkanda kiwandani, Barabara ya Nyerere,
biskuti zikinipita kama msafara wa harusi nisiyoalikwa.
Yenye ufa, natoa. Iliyoungua ukingo, natoa.
Sihitaji hata kufikiri.

Sasa likizo ya uzazi imebaki siku sita
na Ikupa amelala chini ya feni,
ngumi kafumba kama aliyeshika nauli ya kurudi.

Kila mtu ana lake.
Mama mkwe, kwa simu toka Tukuyu: "Tafuta anayesali."
Mama Rehani wa ghorofa ya chini: "Tafuta asiye na simu."
Mume wangu: "Tafuta wa bei nafuu,"
kisha akaona macho yangu, akaenda kununua mkaa,
ingawa tunapikia gesi.

Jumamosi wakaja Tabata, mmoja mmoja.

Wa kwanza aliletwa na dalali
aliyemsifia kama anauza pikipiki:
"Hali sana, hachoki, wala hana ndugu mjini."
Hapo kwenye ndugu moyo ukanishtuka.
Asiye na ndugu, akiumizwa, atamlilia nani?
Binti mwenyewe sauti yake sikuisikia.
Nilimpa soda. Dalali akainywa.

Wa pili alijua yote.
"Na akilia bila kunyamaza?"
"Yapo matone, dada. Analala mpaka jioni."
Nilimsindikiza kwa adabu,
nikafunga lango, nikarudi kulitazama komeo.

Wa tatu, Mwantumu, miaka arobaini na moja,
katembea kwa miguu toka Vingunguti.
Aliomba maji, si ya kunywa, ya kunawa.
Akanawa mpaka kwenye viwiko,
na bado hakumgusa mtoto. Alikaa mkekani,
akamwacha amtazame kwanza, amalize.

Nikamuuliza lile lile la kilio.
"Nitamuuliza," akasema.
"Mtoto wa miezi mitatu?"
"Kwa mikono. Nepi, njaa, joto, tumbo.
Asiponijibu, nitamlaza pasipo hatari,
nitoke hadi mlangoni nivute pumzi,
maana mkono wenye hasira haulei."

Nilitafuta ufa. Ndiyo mazoea yangu.
Na ulikuwepo: jino la mbele limemeguka,
anwani aliisoma kwa kidole, polepole,
na alipomtaja mwanawe wa kwanza
alikunja pindo la kanga, akalikunjua, akalikunja.

Nilidhani tumemaliza.
Akavuta mkoba, akauweka tena chini.
"Na mimi nina ya kwangu.
Mshahara tarehe ngapi? Tarehe, si mwisho wa mwezi.
Jumapili ni yangu, au ni yangu mpaka mkipata wageni?
Chakula nitakachopika, nitakila nikiwa nimekaa?
Baba Ikupa hurudi saa ngapi, na wewe saa ngapi?"

Nikajibu. Moja baada ya jingine, nikajibu,
jasho likinitoka, feni ikizunguka.
Hakuna aliyewahi kunikagua mimi.

"Basi la mwisho.
Siku akikosea akaniita mama,
utanifukuza?"

Hilo sijalijibu hadi leo.

Jumatatu mkanda ulipoanza kunguruma
biskuti tatu zenye ufa zilinipita.
Msimamizi alizitoa mwenyewe, hakusema neno.
Saa saba nikapiga simu. Nilikuwa na maswali kumi na moja
nimeyaandika kiganjani, wino umechanganyika na unga.

"Kalala," akasema Mwantumu, kabla sijafungua mdomo.
Nikasikia feni. Nikasikia sufuria ikifunikwa taratibu.
Kisha: "Wewe, maziwa yamejaa, sivyo?
Nenda kakamue. Usingoje yakuume."

Nikaenda nyuma ya stoo ya sukari,
nikageukia ukuta, nikafungua vifungo.